Miguu na mizinga ni watani, msituharibie

Mhariri, naomba nafasi kidogo ukurasa wa barua. Juzi kati kuna msomaji mwenzetu aliandika hapohapo kwamba Vita ya Kagera tulishinda kwa mizinga tu, askari wa miguu walikuwa wanaenda kupiga picha kwenye miji iliyokwisha kunyooshwa. Kijiweni kwetu hapa Mtwara hata wacheza bao waliacha kete. Mimi si mwanajeshi ila huo ubishi nimekua nao, marehemu baba alikuwa miguu na rafiki yake mkubwa, mzee mmoja wa Lindi, alikuwa mizinga, na hao wawili walisemana vibaya kuliko alivyoandika huyo ndugu, tofauti ni kwamba wao walikuwa watani, walikuwa na ruhusa.

Mzee akija nyumbani msimu wa korosho hata hajakaa anaanza, "We bado unatembea tu? Siku hizi magari yapo." Baba anamjibu, "Karibu ntani wangu, kaa huko nyuma ulikozoea." Mama analeta ming'oko, vile viazi vya porini, wao wanaendelea.

Mzee silaha yake ilikuwa Katyusha, lile gari la kurushia roketi. Mirija 40, roketi zote zinatoka ndani ya sekunde 20 hivi, halafu zinaenda mpaka kilomita 20, Waganda wenyewe wakaipachika jina la Saba Saba. Roketi moja ina kilo kama 66, na hawa watu ndo walikuwa wanazipakia kwa mikono, kwahiyo anayedhani mizinga ni kazi ya kukaa aache. Lakini kilomita 20 jamani ni kama kutoka Mtwara mjini ukaenda Mikindani ukarudi, unampiga mtu usiyemuona, sasa anayemuona ni nani? Hapo ndo baba alikuwa anamsubiria. Kuna mtu wa mizinga anatembea mbele kabisa na miguu, ana darubini, ramani na redio, anaangalia kombora la kwanza limeangukia wapi anawaambia wa nyuma ongeza, punguza, kulia, kushoto, na akikosea kusoma ramani linawaangukia aliokaa nao shimo moja. Baba alisema huyo ndo mtu wa mizinga pekee waliyekuwa wanamgawia maji yao, tena bila kuombwa.

Mzee naye alikuwa na fimbo yake, Lukaya, mji wa huko Uganda. Machi 10, 1979 Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwarushia roketi watu wetu wa Brigedi ya 201, nyingi zikapita juu ya vichwa lakini vijana wengi walikuwa wageni wa vita, wakatoka mbio. "Mlikimbia sauti!" mzee anacheka mpaka anashika mbavu. Baba Lukaya hakuwepo, ila hakuwahi kujitetea kwa hilo hata siku moja, anaibeba aibu ya miguu wote halafu anauliza, na kesho yake nani aliyerudi pale? Maana Machi 11 Brigedi ya 208 ilitokea ubavuni na Lukaya ikarudi mikononi mwetu. Mzee hapo anaomba uraka, pombe yetu ya mabibo.

Sasa nimwambie huyo ndugu kitu ambacho hakipo kwenye barua yake. Siku tunamzika baba, mzee alikuja na basi la asubuhi kutoka Lindi, kimya, tukadhani uzee. Tumefika makaburini, kabla mwili haujashushwa akaingia yeye shimoni akalala, akagoma kutoka. Mashemeji hawakuelewa, wengine walitaka kumvuta. Anasema huyu hawezi kulala hapa mpaka alipe, toka Mutukula mpakani mpaka Kampala tunamfungulia njia, hajatoa hata shilingi! Watu wakacheka huku wanalia, wajomba wakachanga, akahesabu hela taratibu noti moja moja, akampa mama zote. Kisha akatoka mwenyewe akashika jembe, na pamoja na goti lake bovu hakumpa mtu mpaka kaburi limejaa. Wangoni na Wayao wataelewa naongelea nini, mtani msibani ana ruhusa ya kufanya vituko hivyo.

Kwahiyo kaka, ukitaka kuwasema miguu kwanza uwe na mtu wa miguu utakayeenda kumzika, la sivyo hayo ni matusi tu.

Na wewe Mhariri nina ombi, Julai 25 ikifika mnatuletea picha za viongozi wanaweka mashada, hata ikiwa hapa kwetu Naliendele kwenye makaburi ya mashujaa, sawa, lakini wale wazee wanaokaa kwenye viti vya plastiki pembeni hamna anayewauliza kitu. Tumeni mwandishi Lindi akakae na mzee huyu hata nusu siku. Ila aongee kwa sauti, masikio yake yaliishia kwenye ile mizinga, ingawa baba alikuwa anasema hakuna cha mizinga, huyu tangu akiwa kuruta alikuwa hasikii la mtu.

Mtoto wa Miguu,
Mtwara