Inveta za sola majumbani ziwekewe kikomo, na mwenye nyumba akijue

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tuliofunga sola majumbani hapa Arusha tumewaachia mafundi, na baadhi ya mafundi nao wameliacha kama lilivyotoka kiwandani, yaani kikomo cha umeme ambao inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, inaruhusiwa kuusukuma kwenda kwenye gridi.

Inveta nyingi zinazofungwa siku hizi Njiro, Sakina na Moshono huunganishwa kwa pamoja na paneli, betri na umeme wa TANESCO. Jua likiwa kali saa sita mchana, betri zimejaa na watu wako kazini, umeme unaobaki hutoka kupitia waya uleule unaoleta umeme kutoka kwenye nguzo. Mwenye nyumba asiye na mkataba wa kupeleka umeme kwenye gridi, wala mita inayohesabu pande zote mbili, anapaswa kuiwekea inveta yake kikomo cha sifuri. Zipo mita za kulipia kabla ambazo hazitofautishi umeme unaoingia na unaotoka, na wote huukata kwenye yuniti za mteja. Jirani yangu alikuwa akishangaa kuona yuniti zake za LUKU zinaisha upesi zaidi siku za jua kuliko siku za mawingu. Tulipokagua waya mkuu unaoingia ndani, tulikuta klampu ya kupimia mkondo, ambayo huijulisha inveta kama umeme unaingia au unatoka, imevishwa kwenye waya unaotakiwa, ila mshale uliochorwa ubavuni mwake umeelekezwa upande usio wake. Kwa sababu hiyo inveta ilikuwa ikiusoma umeme unaotoka kana kwamba nyumba ndiyo inayouvuta, nayo ikazidi kusukuma. Klampu ilipogeuzwa, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Hasara haiishii kwa mwenye nyumba. Nyumba kadhaa zilizo mwisho wa laini ya transfoma moja zikisukuma umeme kwa wakati mmoja, volteji ya laini hupanda juu ya 230 iliyokusudiwa, na ikipanda kupita kiasi inveta zenyewe hujizima huku friji na televisheni za majirani wasio na sola zikiumia bila wao kujua chanzo. Asije mtu akasema kwamba umeme wa mapaa ni mdogo mno kuleta shida. Kituo cha Nyumba ya Mungu, kule Kilimanjaro, kina uwezo wa megawati 8, na nyumba 1,600 zenye paneli za kilowati 5 kila moja zinafikisha uwezo huohuo wa paneli, tena umetawanyika kwenye laini ndogo za mitaani ambazo hazikujengwa kupokea umeme kutoka kwa wateja.

Hata hivyo, kuweka kikomo si kupunguza paneli, na hapa ndipo naona fedha za watu zinapotea. Ujerumani waliliona hili mapema. Kuanzia mwaka 2012 wamiliki wengi wa mitambo midogo walitakiwa kupeleka kwenye gridi si zaidi ya asilimia 70 ya uwezo wa paneli, na sheria ya Februari 2025 imeweka asilimia 60 kwa mitambo mipya ambayo bado haina kifaa cha kuidhibiti kutoka mbali. Kikomo hicho hupimwa pale nyumba inapoungana na gridi. Chukua paneli za kilowati 5 zenye kikomo cha asilimia 60, yaani kilowati 3, katika nyumba ambayo pampu ya maji na pasi vinavuta kilowati 1.5. Fundi akiibana inveta yenyewe kwenye kilowati 3, kilowati 2 za jua zinapotea bure. Akiifunga klampu kwenye waya mkuu na kuiacha inveta ijirekebishe kwa kadiri nyumba inavyotumia, inazalisha kilowati 4.5 na kinachopotea ni nusu kilowati tu.

Suala la betri nalo linahitaji uangalifu. Mwenye ruhusa ya kupeleka umeme hadi kiasi fulani anafaidika akichelewesha kuchaji betri hadi saa tano, ili zipokee ile ziada ya mchana ambayo ingezuiwa na kikomo. Kwa mwenye kikomo cha sifuri ushauri huo haufai hata kidogo, kwa kuwa umeme wa asubuhi asiouhifadhi hauna pa kwenda. Yeye achaji tangu jua linapotoka, kisha pampu na pasi avipangie mchana. Nao wenye ruhusa, miezi ya Juni na Julai, mawingu ya Arusha yanapokawia kufunguka, wasicheleweshe.

Naomba basi TANESCO na mdhibiti wa nishati, EWURA, watoe kwa Kiswahili karatasi moja inayoeleza viwango vya volteji, masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde) na kikomo ambavyo fundi anapaswa kuviingiza kwenye inveta iliyounganishwa na gridi, pamoja na namna ya kuhakikisha kwamba inveta inaacha kabisa kupeleka umeme nje mara gridi inapokatika, maana fundi aliye juu ya nguzo anategemea hilo kwa uhai wake. Mteja naye asimalizie malipo kabla ya kukabidhiwa nenosiri la inveta, maandishi ya mipangilio yote iliyowekwa, na jaribio la mchana wa jua: vifaa vyote vya ndani vizimwe, betri zikiwa zimejaa, kisha yeye na fundi wasome pamoja kwenye kioo cha inveta ni wati ngapi zinatoka.

Fundi umeme mstaafu,
Njiro, Arusha