Unga wa mlonge na mara saba ya chungwa

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu unga wa mlonge imenitoa kitini. Mliandika kwamba unga huo umejaa "viondoa sumu" na una vitamini C mara saba ya chungwa. Nimefundisha kemia sekondari hapa Temeke hadi nikastaafu, na yote mawili yamenikwaza.

Hivyo mnavyoviita "viondoa sumu" ni antioksidanti, na antioksidanti haifukuzi sumu tumboni kama dawa ya minyoo. Inatoa elektroni zake ili kitu kingine kisinyang'anywe zake, yaani kisioksidike. Mama akikamulia ndimu kwenye parachichi lisiwe jeusi, ameshaitumia.

Hiyo mara saba ni ya majani mabichi. Vitamini C haivumilii joto, hewa wala mwanga, na pakiti niliyonunua kituo cha Rangi Tatu ilikuwa ya nailoni angavu, imening'inizwa juani, haina tarehe. Nikaingia nayo jikoni, mke wangu akanuna. Nilipima gramu 10 za unga na gramu 10 za majani niliyochuma uani, kila kimoja nikakisaga kwa maji baridi, nikachuja na kuzimua hadi ukijani ukafifia. Nikatia kijiko cha maji ya wali, halafu nikaanza kudondosha ayodini ya kupaka vidonda, tone baada ya tone. Vitamini C ikiwepo, rangi ya ayodini inapotea; ikishaisha, ayodini inakutana na wanga wa wali na maji yanageuka bluu ya kukoza kama wino. Majani yalimeza matone 31. Unga, 8. Na hapo nimeupendelea unga, kwani jani bichi sehemu kubwa ni maji. Kweli, ayodini humezwa na vitu vingine pia, lakini pengo kama hilo hata mwanafunzi wa kidato cha pili angeliona.

Sisemi unga ni bure. Chuma na kalisi haviogopi jua.

Maabara nazo zina njia zao za kupima antioksidanti. Iliyozoeleka inatumia kemikali ya zambarau iitwayo DPPH: dondoo la mmea likiwa na antioksidanti, zambarau inafifia kuelekea njano, na mashine inasoma mfifio huo kwenye mwanga wa nanomita 517. Kipimo kizuri, ila jibu linategemea umeloweka kwenye nini. Wengi huloweka kwenye methanoli, spiriti yenye sumu. Nani Mbagala anapika mlonge kwa methanoli? Zaidi ya hapo, kinachotokea ndani ya chupa si lazima kitokee ndani ya mwili. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuweka hadharani orodha ya vyakula na alama zao za antioksidanti, ikaiondoa mwaka 2012 baada ya kuona wafanyabiashara wanazitumia vibaya alama hizo kuuzia bidhaa.

Kwa hiyo, Mhariri, mkichapisha namba tena, tuambieni ni ya jani bichi au kavu, kwa gramu ngapi, na limekaushwa lini.

Yule kijana wa Rangi Tatu nilimrudia, nikamshauri azitoe pakiti juani. Akacheka: "Mwalimu, nikiziweka kivulini nani atazinunua?"

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam