Barua kwa Mwanangu Zainabu, Kuhusu Glenda Jackson

London, Novemba

Mwanangu Zainabu,

Salamu nyingi za mapenzi zikufikie huko Manchester. Sisi huku hatujambo, baba yako miguu inampa nafuu, na wadogo zako wanakuamkia. Nimeamua kukuandikia kwa mkono badala ya kukupigia simu kwa sababu juzi, uliponiambia kwamba chuo cha uigizaji kimekukataa kwa mara ya tatu, na kwamba mmoja wa wasaili alikushauri utafute kazi nyingine kwa kuwa sura yako si ya mhusika mkuu, nilinyamaza, nawe ukadhani ninakubaliana naye. Sikukubaliana naye hata kidogo. Nilikuwa ninamkumbuka mama mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa mbunge wetu hapa West Hampstead, na nilijua kwamba nikianza kukusimulia habari zake kwenye simu sitaifikisha hadithi mwisho bila kulia.

Glenda Jackson unamjua kwa jina, kwa kuwa ulikuwa ukiokota vipeperushi vyake vya uchaguzi vilipodondoka mlangoni, ukivichorea maua nyuma. Lakini sidhani kama nimewahi kukueleza alikotoka, na huko ndiko ninakotaka uanzie.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1936 katika mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukiwa Liverpool. Baba yake alikuwa mwashi, na mama yake aliuza dukani na kusafisha nyumba za watu, kazi ambayo mimi mama yako naijua kwa mikono yangu. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na nyuma yake wakafuata mabinti watatu. Akiwa na miaka 16 aliacha shule akaajiriwa katika duka la dawa la Boots, akasimama nyuma ya kaunta kwa miaka miwili, na jioni, badala ya kwenda kupumzika, alikwenda kuigiza na kikundi cha watu wa ridhaa. Kutoka hapo ndipo alipopata ufadhili wa kusomea uigizaji katika chuo cha RADA, hapa hapa London, katikati ya miaka ya 1950.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Mkuu wa chuo hicho alimwambia kwamba asitarajie kupata kazi za maana kabla hajakaribia umri wa miaka 40, kwa sababu aina yake ilikuwa ya wahusika wa kando, si ya mabinti wa kupendwa. Msichana wa miaka ishirini na kidogo, mtoto wa mwashi, aliyetoka mbali na asiye na mjomba hata mmoja wa kumshika mkono katika mji huu, anaambiwa arudi baada ya miaka ishirini. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu juzi, nikaona kwamba yule bwana hakuwa akisema uongo kwa namna soko la uigizaji lilivyokuwa wakati ule. Alikosea tu kudhani kwamba soko halibadiliki na kwamba msichana yule angekaa tu kulingoja.

Na kweli alisota. Alianza kuigiza kwa malipo mwaka 1957, katika majumba madogo ya mikoani ambako kikundi hukariri mchezo mmoja mchana huku usiku kikiigiza mwingine, na katikati ya kazi hizo vilikuwepo vipindi virefu vya kukosa kazi kabisa, akarudi kuhudumu mezani na kuuza dukani ili alipe kodi ya chumba. Miaka hiyo waandishi wengi huipita kwa sentensi moja, wakikimbilia mafanikio. Mimi ningependa wewe ukae nayo kidogo, kwa maana ndiyo inayofanana na yako, na kwa maana nadhani ule uigizaji wake mkavu, usiobembeleza mtazamaji wala kuomba kupendwa, ulitoka kwa mtu aliyewahi kusimama saa nane kwa siku akihudumia watu ambao hawakumtazama usoni.

Mlango ulifunguka mwaka 1964, mwongozaji Peter Brook alipomchukua katika kikundi chake cha majaribio ndani ya Royal Shakespeare Company. Katika mchezo wa Peter Weiss unaojulikana kwa kifupi kama Marat/Sade, ambao wahusika wake ni wagonjwa wa akili wanaoigiza mapinduzi ya Ufaransa, alipewa nafasi ya Charlotte Corday, yule mwanamke aliyemuua Marat, na watu waliomwona London, kisha New York, hawakumsahau tena. Baada ya hapo mambo yakaenda kasi. Ken Russell alimpa nafasi ya Gudrun katika filamu ya Women in Love, ambayo aliiigiza akiwa mjamzito, na mwaka 1971 filamu hiyo ikampatia Oscar. Miaka mitatu baadaye akapata ya pili kwa A Touch of Class, filamu ya kuchekesha, jambo ambalo wengi hawakulitegemea kwake. Piga hesabu mwenyewe: tuzo zote mbili zilimfika kabla ya ule umri wa miaka 40 alioambiwa aungoje.

Hakuhudhuria sherehe hata moja kati ya hizo mbili. Sanamu zenyewe alimpa mama yake, na mama yule akazisugua na kuzing'arisha kwa bidii hata rangi ya dhahabu ikabanduka. Kila nikikumbuka habari hiyo naliona kabati la bibi yako kule Tanga, lile lenye vikombe vya kaure visivyonywewa na mtu, na najua kwa hakika kwamba mama yule alisugua kwa mapenzi.

Kama unataka kujifunza kazi yenyewe, tafuta Elizabeth R, mfululizo wa sehemu sita ambao BBC iliutoa mwaka 1971. Alinyoa nywele za mbele ya kichwa ili apate lile paji pana la Malkia Elizabeth wa Kwanza, akamwigiza tangu ubinti wake mpaka uzee wa kukaribia kufa. Usimtazame anaponena, mtazame anaposikiliza, jinsi anavyowaacha mawaziri wake wamalize huku uso umeshaamua. Mimi niliutazama mfululizo huo miaka mingi baada ya kutoka, nikiwa nimepiga magoti kupanga nguo, na nguo hazikupangwa siku hiyo.

Ndoa yake na Roy Hodges, aliyefunga naye mwaka 1958, ilivunjika mwaka 1976, wakiwa na mtoto mmoja wa kiume. Sikufichi jambo hilo, kwa sababu utakutana nalo, na kwa sababu kazi hii ina saa mbaya na safari nyingi.

Mwaka 1992 akaacha kila kitu. Hakufukuzwa na hakuishiwa. Alikuwa na miaka 55 na jina linalojulikana duniani, akagombea ubunge wa Hampstead na Highgate kwa tiketi ya chama cha Labour, akashinda. Mimi nilifika hapa miaka miwili baadaye. Serikali ya Tony Blair ilipoingia mwaka 1997 alipewa unaibu katika wizara ya uchukuzi, akakaa mpaka 1999. Na ilipofika habari ya vita vya Iraki alikuwa miongoni mwa wabunge wa chama hicho waliompinga kiongozi wao waziwazi. Mwaka 2013, Bunge lilipokutana kumuenzi Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa amefariki, na wengine wakichagua maneno laini, yeye alisimama akaeleza watu waliolala milangoni mwa maduka na shule zilizovuja wakati wa utawala wa mama huyo, akasema kwamba mambo aliyofundishwa kuwa ni maovu, kama vile uchoyo na kutomjali mnyonge, yaligeuzwa kuwa sifa njema. Wenzake wa upande wa pili walimzomea, naye hakupandisha wala hakushusha sauti. Kuna walioona kwamba halikuwa neno la kusema katika msiba, na malezi yetu yananifanya niwaelewe. Lakini nilisikia ndani yake mtoto wa mwanamke aliyesafisha nyumba za watu, na sikuweza kumlaumu.

Uchaguzi wa mwaka 2010 unaukumbuka, kwa sababu ulikwenda nami kituoni. Sisi raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tunaruhusiwa kupiga kura, na mwaka ule alishinda kwa tofauti ya kura 42 tu. Nimewahi kuwaambia watu kwamba mojawapo ni yangu.

Alipostaafu ubunge mwaka 2015 alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 79. Hapo ndipo hadithi ninayotaka kukupa inapoanza hasa. Mwaka ule ule akaigiza kwenye redio ya BBC, na mwaka 2016, akiwa na miaka 80, baada ya takriban robo karne bila kukanyaga jukwaa, akapanda pale Old Vic, jumba la maigizo hapa London, kumwigiza Mfalme Lear wa Shakespeare, chini ya uongozaji wa Deborah Warner. Mwenzangu wa kazini alikuwa na tiketi asiyoweza kuitumia, akanipa. Nilikaa juu kabisa, karibu na dari. Sikuwa mgeni kabisa wa Shakespeare, kwa maana sisi tulisoma tafsiri za Mwalimu Nyerere, lakini Kiingereza kile cha kale kilinipita mara nyingi, na mchezo ulikuwa na zaidi ya saa tatu.

Zainabu, sauti ile haikunipita. Mwili ulikuwa mdogo, miguu myembamba, mzee kweli wala si wa kuigizwa. Na sauti ikatoka humo ikapanda mpaka kwetu sisi wa tiketi za bei ya chini bila kupungua. Alipowalaani mabinti wa Lear, mama aliyekaa kando yangu alijishika kifua. Baada ya dakika chache nilisahau kwamba ni mwanamke anayeigiza mwanamume, nikasahau pia kwamba ni mbunge wangu, nikabaki namwona mzazi aliyewagawia watoto wake mali kwa kipimo cha maneno matamu, akamfukuza yule aliyesema kweli. Nilikufikiria wewe usiku ule. Ulikuwa umeniambia wiki hiyo hiyo kwamba unataka kuigiza, nami nilikuwa nimekujibu kwamba uuguzi unalipa. Nilirudi na basi la usiku nikitaka kukuamsha, nisikuamshe.

Aliendelea. Mwaka 2018 alipata Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani ya Marekani, kwa Three Tall Women ya Edward Albee huko New York, mwaka uliofuata akamrudia Lear huko huko, kisha akaigiza kwenye televisheni mama mwenye ugonjwa wa kusahau katika Elizabeth Is Missing, akapata BAFTA, tuzo ya filamu na televisheni ya hapa Uingereza. Kazi yake ya mwisho ilikuwa filamu ya The Great Escaper pamoja na Michael Caine, ambaye alikuwa ameigiza naye zaidi ya miaka arobaini kabla. Alifariki tarehe 15 Juni 2023 nyumbani kwake Blackheath, akiwa na miaka 87, kabla filamu hiyo haijaonyeshwa sinemani. Niliiona peke yangu, alasiri, baada ya zamu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nauli ya treni na ada ya usaili wa mwezi wa Machi. Ni pesa zangu, hakuna niliyemkopa, na tafadhali usizirudishe. Niandikie umechagua hotuba gani, na ukija Desemba uniigizie hapa sebuleni, mimi nitakaa kule mwisho karibu na mlango.

Ni mimi mama yako anayekupenda,

Mama Zainabu