Swala tomi hana p, na mimi pia sina

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita mmetoa makala ya wanyama wa Serengeti, makala nzuri na picha safi sana, ila yule swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni mmemwandika kuwa ni swala wa "Thompson". Hiyo p mmeitoa wapi? Nimekaa nayo siku tatu nikaona siwezi kunyamaza, maana mimi natembeza wageni huku kaskazini huu ni mwaka wa 14 na kosa hili naliona kila sehemu, kwenye vipeperushi, kwenye mabango ya hoteli, mpaka kwa madereva wenzangu.

Jina tomi limetokana na Joseph Thomson, kijana wa Scotland aliyezaliwa 1858 kijiji cha Penpont, mtoto wa fundi mawe. Mwaka 1879 alikuja kwetu kama msaidizi tu kwenye safari ya kwenda maziwa makuu, mkubwa wake Keith Johnston akafariki Behobeho kule kusini, basi kijana wa miaka 21 akabaki na msafara mzima mikononi, na aliyemuongozea wapagazi alikuwa Chuma, yule yule aliyeshiriki kuubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani. Mwaka 1883 akarudi akakatiza nchi ya Wamasai hadi Ziwa Baringo na mpaka Ziwa Victoria, na njiani ndio akakuta yale maporomoko ya Nyahururu huko Kenya, kama mita 74 hivi maji yanashuka, ambayo wazee wa kule bado wanayaita Thomson. Mwaka uliofuata swala wetu akapewa jina lake la kisayansi huko London, thomsonii, nalo halina p. Kwa hiyo hili sio suala la mtu kupenda kuandika anavyotaka, jina lilishaandikwa.

Sasa wengi wanauliza, kwani Thomson na Thompson si kitu kimoja? Maana ni moja kabisa: mtoto wa Thom, kifupi cha Thomas. Waingereza waliweka "son" mwishoni kama sisi Wasukuma tunavyoweka Ng'wana mwanzoni, Ng'wana Masanja ni mtoto wa Masanja, basi. Na Thomas mwenyewe ni nani? Ni Kiaramu hicho, maana yake pacha, ndio maana kwenye Biblia zetu Injili ya Yohana inasema Tomaso "aitwaye Pacha". Yaani ukimwita mtu Thomas ni kama umemwita Kulwa au Doto. Ile h hata haitamkwi, ilibaki kutoka kwenye maandishi ya Kigiriki, na sisi tuliosema Tomaso bila h hatukukosea chochote.

Kule Uingereza zamani Thomas lilikuwa zaidi jina la mapadri na watawa. Halafu askofu mkuu Thomas Becket akauawa ndani ya kanisa lake Canterbury tarehe 29 Desemba 1170, mwaka 1173 akatangazwa mtakatifu, mahujaji wakamiminika, na watu wakaanza kuwaita watoto wao Thomas kila mahali. Miaka iliyofuata majina ya ukoo nayo yakaanza kushika, karani wa kodi au wa mahakama anataka kukutofautisha na jirani yako, anaandika huyu mtoto wa Thom, na anaandika anavyosikia kwa sikio lake.

Na hapo kwenye sikio ndipo p ilipoingia. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi, sema Thom, midomo imefunga na pumzi inapita puani, halafu nenda kwenye s. Pua ikiwahi kuziba kabla midomo haijafunguka unasikia kitu kinapasuka kidogo, hiyo ndio p. Haikutoka kwa baba wala babu, imezaliwa mdomoni tu. Simpson ni hivyo hivyo, ni mtoto wa Sim, yaani Simon, nani amewahi kusikia Simon mwenye p? Na tusiwashangae, sisi wenyewe tunasema watu wawili lakini nyumba mbili, mtu mrefu lakini njia ndefu, ile sauti ya puani ikitangulia inageuza jirani yake.

Scotland wengi walibaki bila p na England wengi wakaichukua, ila usiifanye sheria, maana yule mwanazoolojia D'Arcy Thompson alizaliwa Edinburgh kabisa na p anayo, wakati J.J. Thomson aliyegundua elektroni mwaka 1897 alizaliwa Manchester na hana. Hakuna njia ya kubahatisha, lazima umuulize mwenyewe au uangalie alivyoandika.

Na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya swala. Baba yangu aliitwa Tomaso. Nilipozaliwa mwalimu mmoja akamweleza kwamba kwa Kizungu mtoto wa Tomaso ni Thomson, akafurahi sana, akaniita hivyo na akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi, herufi saba, nilikuja kuiona karatasi hiyo nikiwa mkubwa. Karani wa ofisi fulani akasikia p yake, akaijaza kwenye cheti cha kuzaliwa. Shuleni nikaandikishwa kama baba alivyotaka, kwa hiyo cheti cha form foo kinasema Thomson na cha kuzaliwa kinasema Thompson, na nilipoomba pasipoti nikaambiwa hawa ni watu wawili. Nikaenda kula kiapo kwa wakili, nikalipa, nikarudi tena, karibu miezi minne imepita kwa ajili ya herufi moja, na safari ya mafunzo niliyopata nje ikanipita. Mzee alikuwa hai bado, alijilaumu kwamba labda mwandiko wake ulikuwa mbaya. Haukuwa mbaya, nilimwambia hivyo mara nyingi tu.

Naomba toleo lijalo mumrekebishe yule swala. Na makarani wanaosoma gazeti hili, mzazi akikutajia jina, mpe kalamu aandike mwenyewe.

Wako,
Thomson, mtoto wa Tomaso
Arusha