Kabla hujasaini nyumba Maine, shuka chini ukaangalie tangi la mafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Makala zenu kuhusu wenzetu wa diaspora wanaonunua nyumba huku Marekani nazisoma zote na nazipenda, ila kila nikisoma naona habari ni zile zile, riba, krediti skoo, dauni pementi, dalali mwaminifu, basi. Tangi la mafuta haligusi mtu. Na sisi tuliopo huku Maine, kaskazini mashariki kabisa kwenye kona ya baridi, tangi ndo kitu ambacho mnunuzi angetakiwa kuambiwa kabla hata ya rangi ya ukuta.

Wasomaji wa nyumbani niwaeleweshe kwanza maana najua mtu wa Kigoma au Uvira akisikia tangi anawaza maji. Huku zaidi ya nusu ya nyumba zinapashwa joto kwa mafuta, hakuna jimbo lingine Marekani linalotegemea mafuta kiasi hiki. Gesi ya bomba iko sehemu chache tu za mijini. Kwahiyo nyumba nyingi, hasa hizi za mbao za enzi za viwanda vya nguo hapa Lewiston ambazo ndo tunazimudu sisi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali waliotutangulia kufika hapa tangu 2001, zina tangi la chuma huko besimenti, yani chumba cha chini ya nyumba, galoni 275, yani lita elfu moja na kidogo, limesimama kwa miguu minne gizani. Lori la mafuta likija dereva anavuta mpira mpaka kwenye bomba lililotokeza nje ya ukuta, anapampu, mafuta yanashuka kwenye tangi, halafu kutoka pale yanapita kwenye kibomba chembamba cha shaba na filta mpaka kwenye boila, ule mtambo unaochoma mafuta kupasha nyumba joto. Mafuta yenyewe ni dizeli tu karibu kila kitu, yametiwa rangi nyekundu ili mtu asikwepe kodi ya barabara akaweka kwenye gari. Ndo maana ukiishiwa usiku wa Januari unaweza kwenda petroli stesheni na dumu, ukanunua dizeli, ukamimina humo humo na nyumba ikapata moto mpaka lori lije.

Sasa shida yenyewe. Tangi la chuma linaoza kuanzia ndani, na hapo ndo watu wanapodanganyika. Unashuka unaliona limepakwa rangi, unaligonga linatoa mlio mzito, unasema hili nitakufa niliache. Kumbe ni mguu wa kitanda ulioliwa na mchwa, nje mbao ndani unga. Hewa inaingia kupitia bomba la kupumulia, ule unyevu wake unageuka matone kwenye kuta za ndani, na maji ni mazito kuliko mafuta kwahiyo yanazama mpaka chini kabisa na hayatoki tena. Yanakaa pale miaka na miaka pamoja na tope jeusi na vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na mafuta, vinatoa asidi, chuma kinaliwa kwa chini taratibu. Likiachwa nusu tupu kipindi cha joto ndo linatoka jasho zaidi. Siku unayoona kijasho cha mafuta kwenye mshono wa chini, au doa linarudi hata ukifuta, usianze kutafuta gundi, hapo bati limeshakwisha. Mafundi wengi watakwambia tangi la ndani lina miaka 30 hivi, yapo yaliyovuka 50 na yapo yaliyotoboka kabla ya 20, na la nje linawahi zaidi.

La nje lina mambo yake. Kwenye baridi kali mafuta ya kawaida yanaganda yanakuwa uji, kwahiyo wenye tangi la nje wanalazimika kuchanganya na mafuta ya taa au kutumia mafuta ya taa matupu ambayo bei yake iko juu. Halafu barafu inayoporomoka toka kwenye paa inaangukia filta inaivunja, tangi zima linamwagika kwenye theluji usiku watu wamelala. Kama tangi liko chini ya mteremko wa paa wekeni kifuniko juu ya filta, ni kitu cha bei ndogo sana.

Likivuja ndani je? Besimenti za nyumba hizi sakafu ni udongo au saruji iliyopasuka, mafuta yanashuka ardhini, na karibu nusu ya watu wa jimbo hili wanakunywa maji ya visima vyao wenyewe uani. Harufu inapanda mpaka kwenye nguo za watoto. Watakuja kuvunja sakafu, kuchimba udongo na kuubeba kwa lori, na hapo ndo unatoa karatasi za bima unakuta uchafuzi wa mafuta haumo, maana bima nyingi za nyumba wameuweka pembeni, mpaka uwe ulilipia nyongeza yake. Jimbo lina mfuko wa kusafisha mafuta yaliyomwagika na Idara ya Mazingira wanakuja hata usiku ukipiga simu, nawasifu kwa hilo, ila mfuko una masharti na ukikaa kimya wiki mbili ukimwaga mchanga juu unajiharibia mwenyewe. Jirani zetu wa Massachusetts walienda mbali zaidi, sheria yao ilimtaka kila mwenye nyumba mpaka kufikia tarehe 30 Septemba 2011 awe amekivisha kile kibomba cha shaba gamba la kukikinga au ameweka valvu ya usalama. Mi naona nasi hata bila sheria tungeiga, kwasababu mara nyingi kinachovuja ni hicho kibomba kilichozikwa kwenye saruji na tangi lenyewe bado zima.

Kinachonikera ni wakati wa kununua. Inspekta, yule mkaguzi wa nyumba, anaandika ripoti ndefu yenye picha za soketi na mabati, halafu tangi anaweka mstari mmoja, limezeeka, fuatilia. Dalali anasema kila nyumba huku ina tangi la hivyo. Muuzaji kanyamaza. Ndugu yetu Kiingereza chake cha kuungaunga, kakaa kambi ya Nyarugusu miaka ndo kafika huku, furaha imemjaa, anasaini. Nimeona familia iliyohamia mwezi wa kumi na kufika Krismasi wanalala na majaketi kwasababu kampuni ya mafuta ilikataa kujaza, dereva kashuka besimenti kaona kutu, kasema hatii hata galoni moja humu. Na dereva alikuwa sahihi! Watu walimtukana lakini aliwaokoa.

Kwahiyo, kabla ya kusaini, shukeni na tochi. Tafuta kibandiko cha tangi kinachoonyesha mwaka, kama hakipo uliza lini liliwekwa na uandikiwe. Pitisha karatasi nyeupe chini ya tumbo la tangi uone kama inatoka na mafuta. Angalia miguu kama imekaa sawa maana tangi lililojaa linakaribia kilo elfu moja na likilala linakata kibomba. Likiwa limezeeka mwambie muuzaji alibadilishe yeye au apunguze bei, ni jambo la kawaida kabisa huku, wazungu wenyewe wanafanya hivyo bila aibu, sisi ndo tunaogopa kuonekana wasumbufu.

Gharama ya kubadilisha, tangi jipya na kazi na kulitoa la zamani, huwa inaanzia dola elfu mbili na kitu na inaweza kupita elfu nne kama ni lile la kuta mbili, yani plastiki ngumu ndani na bati nje, ambalo la ndani likitoboka la nje linashika. Mimi ningechukua hilo la kuta mbili bila kufikiri sana. Fanyeni kiangazi, mafundi wana nafasi na tangi liko karibu tupu, ukisubiri Desemba utapanga foleni. Na fundi awe na leseni ya jimbo, sio binamu wa mtu mwenye pikapu na msumeno, maana tangi la zamani linanyonywa, linakatwa, tope linatolewa na kupelekwa panapotakiwa, huwezi kulitupa tu. Msikubali lile tope na mafuta ya chini yahamishiwe kwenye tangi jipya eti ni hasara kuyamwaga, mnahamisha ugonjwa.

Lingine hili naomba lisisahaulike. Tangi likitolewa, bomba la kujazia nalo litolewe siku hiyo hiyo. Imeshatokea zaidi ya mara moja huku kwenye majimbo ya New England, yani haya ya kona yetu ya kaskazini mashariki, tangi limeondoka, mtu kahamia gesi, bomba limebaki ukutani, siku moja dereva kakosea namba ya nyumba, kaunganisha mpira akapampu mafuta yote moja kwa moja kwenye sakafu ya besimenti. Dereva mzuri anasikiliza filimbi, kuna kafilimbi kwenye bomba la kupumulia kanalia hewa inapotoka na kananyamaza tangi likijaa, hakuna mlio hakuna kujaza. Ila sio kila dereva ana subira. Na hilo bomba la kupumulia theluji ikilifunika lifukueni, likiziba huku mafuta yanaingia kwa presha tangi linaweza kupasuka.

Najua wapo watakaosema tangi la nini siku hizi, weka hitipampu, ile mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto. Sawa. Gavana Janet Mills mwaka 2019 aliweka lengo la hitipampu laki moja ifikapo 2025 na jimbo likafikisha 2023, ni kitu kikubwa, na ruzuku ipo. Lakini nyumba zetu hizi zinapitisha upepo kila pembe, bili ya umeme nayo sio mchezo, kwahiyo wengi wanafunga hitipampu na kubakiza boila kwa usiku mkali. Hapo ndo tangi linasahaulika kabisa, mafuta nusu, miaka mitano hakuna aliyeshuka kuliangalia, maji yanaongezeka kimya kimya. Ukiamua kuacha mafuta, acha na tangi liondoke. Ukiamua kulibakiza, litunze.

Kwa wasio na uwezo, kuna zile asasi za jamii zinazoshughulikia msaada wa mafuta wa kila winta, hao hao mara nyingine wanasaidia kukarabati boila na hata kubadilisha tangi bovu kwa mwenye nyumba wa kipato cha chini. Watu wetu wanachukua msaada wa mafuta halafu hawaulizi la tangi, ulizeni jamani.

Na ndugu zetu mlioko nyumbani, mtuelewe kidogo. Mwaka 2022 galoni ilipita dola 5, na kampuni nyingi hazileti chini ya galoni 100, piga hesabu mwenyewe, zaidi ya dola mia tano kwa kushuka kwa lori mara moja na baridi bado ina miezi minne. Mtu ana nyumba ya ghorofa mbili kwenye picha mmeiona, mnapiga simu Januari hela ya ada, anasema hana, mnasema kabadilika. Hajabadilika, kajaza tangi.

Mhariri, ombi langu ni dogo tu. Siku nyingine mkimhoji mtu wa huku kwenye baridi aliyenunua nyumba, baada ya kumuuliza alilipa shilingi ngapi na ina vyumba vingapi, muulizeni na tangi lina miaka mingapi na aliyelikagua ni nani.

Msomaji wenu,
Lewiston, Maine