Bagamoyo si mji wa kukata tamaa

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka 22 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya Bagamoyo imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amesema jina la mji wetu, yaani "bwaga moyo", ni kilio cha watumwa waliokata tamaa, akaishia hapo, kana kwamba hakuna simulizi nyingine.

Watumwa walipita hapa, sikatai. Misheni ya Roho Mtakatifu iliyofunguliwa mwaka 1868 ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa utumwani. Lakini baba yake babu yangu alikuwa mpagazi, Mnyamwezi, aliyeshuka pwani kutoka Tabora na pembe ya ndovu begani, mzigo wa kilo 30 hivi, mwendo wa miezi 2 hadi 3. Kwetu tumeambiwa kwamba ukiiona bahari unabwaga mzigo, na moyo unaubwaga pamoja nao. Bwaga moyo, yaani tulia, umefika. Hebu kisikilizeni Kiswahili chenyewe! Aliyekata tamaa amevunjika moyo, amekufa moyo. Aliyebwaga moyo ametua. Bibi yangu akirudi shamba, akishatua tita la kuni na kukalia kinu, ngata bado iko mkononi, alikuwa akisema, "Haya, nimebwaga moyo." Hakuwa analia.

Mwezi uliopita, karibu na kambi ya zamani ya misafara, nilimkuta kijana anaongoza wageni, anawaambia watumwa waliiacha mioyo yao hapa, basi. Nikamuuliza taratibu: mwanangu, na wapagazi je? Akanivuta pembeni. "Babu, wageni hawalipii habari za wapagazi." Sikupata usingizi usiku ule. Bara na pwani ziliunganishwa na mabega ya watu hawa! Susi na Chuma, watumishi wa mmisionari Livingstone, na wenzao waliubeba mwili wake miezi kama 9, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, wakautua hapahapa. Watu wa namna hiyo wanafutwaje katika jina la mji waliouimba njia nzima, kwa sababu tu hawalipiwi?

Na vibao navyo. Kile nilichosimama mbele yake siku hiyo ni Kiingereza kitupu. Mjukuu wangu wa darasa la tatu, mzaliwa wa hapa, akaniuliza kimeandikwa nini. Milango ya nakshi inang'olewa, nyumba za mawe zinabomoka, na mtoto wa mji hasomi hata kibao cha kwao.

Naomba mchape simulizi zote mbili, ukurasa uleule. Na kituo cha mabasi kiwekewe kibao cha Kiswahili, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, pembeni yake gunia la kilo 30. Mwanafunzi mkubwa anayekuja ziara alibebe hatua 100 kuelekea baharini, alitue, kisha mwalimu amuulize moyo wake unasemaje.

Mkazi wa Dunda,
Bagamoyo