Kabla hujauza hilo gari lenye kompyuta

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika na sisi huku hatujambo. Unasema umechoka na taa ya chek injini, umechoka na bili za gereji, na kwamba unataka kuliuza gari ununue la miaka ya sabini, la kabureta (kichanganya mafuta na hewa), ambalo fundi yeyote mwenye spana na bisibisi atalimudu. Nusu ya hayo ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo itakayokumaliza hela, kwa hiyo nisome mpaka mwisho kabla hujabandika tangazo.

Sisi wazee tukianza kusifu magari ya zamani huwa tunaruka habari ya kazi tuliyokuwa tukiyafanyia. Mengi yalikuwa na kihesabu kilomita cha tarakimu 5. Kikifika 99,999 kinaanza tena sifuri, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu si injini nyingi zilizotarajiwa kufika huko bila kufunguliwa. Platini za distribyuta, vile vibati vya kukatia umeme wa plagi, zililika, ukazisafisha na kuzipima upya kila baada ya kilomita elfu chache. Vali nazo zilitaka kurekebishwa, na huko chini kulikuwa na nipeli za grisi ambazo ukizisahau, usukani unaanza kucheza. Asubuhi ya baridi unavuta choki, ukikanyaga mafuta kwa pupa plagi zinalowa, unakaa pembeni kusubiri zikauke huku umechelewa kazini.

Leo plagi za iridiamu zinaweza kwenda kilomita 100,000. Platini hazipo kabisa. Kiasi cha mafuta na wakati wa kupiga moto vinapangwa na kompyuta kwa kila mzunguko wa injini, na haichoki wala haisahau. Ukiniuliza lipi halikulazi njiani, nakujibu bila kusita: la kisasa. Hayo ya kale unayoyaona yaking'aa barabarani ndiyo yaliyosalia. Mengi yaliyotoka nayo kiwandani siku ileile yaliishia kwenye chuma chakavu, na hayo hakuna anayeyasimulia.

Ila kwenye kutengeneza, hapo nakuunga mkono. Gari la zamani huharibika mara nyingi, lakini huharibika waziwazi. Haliwaki? Unauliza maswali mawili: moto upo, na mafuta yanafika? Kabureta unaishusha, unaifungua juu ya meza, unapuliza jeti, unabadili gasketi na kuirudisha. Chukua Volkswagen Beetle ya zamani. Injini yake hupozwa kwa hewa, haina rejeta wala maji, na imeshikwa kwenye gia boksi kwa bolti nne tu. Magari hayo yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka mwaka 2003, ndiyo maana spea zake bado zipo. Usidhani magari yote ya umri huo yana bahati hiyo. Kuna mengine ukipasua kioo cha mbele utakitafuta mpaka ukate tamaa.

Sasa tazama la kisasa. Taa ya mbele ya LED mara nyingi ni kitu kimoja kilichofungwa, kikifa unanunua chote. Kioo cha mbele chenye kamera nyuma yake hakibadilishwi hivihivi, kamera lazima ipimwe upya ijue inatazama wapi. Nyuma ya bampa huenda kuna rada ya kupima umbali wa magari mengine. Kompyuta ndogondogo za gari zinazungumza kupitia mtandao wa waya unaoitwa CAN, ambao Bosch waliutambulisha mwaka 1986, na ukifunga kompyuta mpya inaweza kugoma mpaka isajiliwe kwa programu ya mtengenezaji. Hapo fundi wako hodari anabaki na spana mkononi hana la kufanya. Huko Massachusetts, Marekani, wapiga kura walipitisha kwenye sanduku la kura mwaka 2012, na tena 2020, kwamba mwenye gari na fundi huru wapewe habari za kutengenezea. Kwa hiyo hasira yako ina wenzake.

Hata hivyo bili yako hii sidhani kama imeletwa na kompyuta. Imeletwa na kubahatisha. Umeniandikia kwamba mashine ya kupimia ilisoma namba ya hitilafu P0420, fundi akasema katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi, imekufa, mkaibadilisha, na baada ya muda taa ikarudi. Mwanangu, namba ile haitaji kipuri. Inasema tu kwamba sensa ya oksijeni iliyo baada ya katalisti inaona moshi usiosafishwa vya kutosha. Eksozi ikivuja karibu na sensa, utaipata namba hiyohiyo. Sensa ikizeeka, pia. Na kama silinda moja inakosa moto, mafuta yasiyoungua yanakwenda kuungulia ndani ya katalisti na kuiyeyusha, halafu utaiua na hiyo mpya. Namba hiyo ni kama mtoto anayelia: umejua analia, hujajua anaumwa wapi.

Fundi mzuri unamjua kwa anachofanya kabla ya kuagiza kipuri. Mfano gari likitoa P0301, yaani silinda ya kwanza inakosa moto, anahamisha koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) ya silinda ya kwanza kuipeleka ya pili. Hitilafu ikihama na kusomeka P0302, koili ndiyo mbovu. Isipohama, anaangalia plagi, kisha nozeli inayopuliza mafuta, kisha mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hajatumia hata senti yako. Siku nyingine usiulize "inagharimu kiasi gani?" Uliza "umepima nini?" Na kazi ya kupima ilipe bila kunung'unika, ni rahisi kuliko katalisti mbili. Betri nayo ipimwe mwanzoni, maana umeme ukipungua kompyuta hizi huleta malalamiko ya ajabu yasiyo na kichwa wala miguu.

Jambo la ajali nalipita haraka kwa sababu linanitisha. Mwaka 2009 huko Marekani taasisi ya bima ya usalama barabarani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009. Sanamu ya dereva ndani ya lile la zamani ilipata mapigo ambayo mtu asingepona. Ya Malibu iliumia mguu. Wajukuu zangu sitaki wapelekwe shule kwenye chuma kizuri.

Kama moyo haujatulia, tafuta gari la kati, kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini hadi katikati ya miaka ya 2000. Lina nozeli za mafuta badala ya kabureta, lina tundu la kupimia chini ya dashibodi, na bado kompyuta zake ni chache. La sabini liwe la pili, la Jumapili. Ukienda kulitazama usianze na injini, injini hufufuka. Inua mazulia, pita chini ya milango na kwenye chasisi ukitafuta kutu, na beba sumaku uliyoifunga kitambaa: mahali isiposhika pamejazwa dongo la kuziba bati lililooza, likapakwa rangi juu. Mipira ya mafuta ibadilishe yote hata ikionekana mizima, kwa sababu petroli ya siku hizi yenye ethanoli huila mipira ya kale, na ikivuja juu ya injini ya moto, huo ni moto mwingine. Nipigie picha za chini ya gari kabla hujatoa hela.

Mama anakusalimu, anauliza lini mnakuja.

Baba yako